Grini kadi ya kazini: kadi ni yako, faili ni la bosi

Ukikaa barazani Malindi jioni, iwe Shella au Maweni, hukosi kusikia habari za kijana wa fulani aliye Texas. Amesoma, ana kazi ya kompyuta, na mshahara wake ukigeuzwa shilingi watu hunyamaza kidogo. Amekaa huko miaka kumi na zaidi. Lakini mamake alipofariki hakuja kuzika, na waliompigia simu walijibiwa kwa neno moja: makaratasi. Hapo baraza hugawanyika. Mmoja husema amejitia Mzungu, amesahau kwao. Mwingine husema ni uongo mtupu, hana kazi yoyote. Wa tatu, ambaye binamuye alishinda ile bahati nasibu ya viza za Marekani, huuliza mbona huyu naye hakuomba grini kadi kama wenziwe.

Wote watatu wanazungumza habari tofauti kwa jina moja. Na kwa kuwa siku hizi wauguzi wetu wanafuatwa na maajenti wenye mikataba ya kwenda Marekani, mkanganyiko huu umeshapita kiwango cha soga. Watu wanatia saini wasichokielewa.

Grini kadi ni kitambulisho cha mkaazi wa kudumu wa Marekani. Mwenye nayo si raia, lakini anaishi na kufanya kazi kwa mwajiri yeyote amtakaye, na kwa kawaida baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. Viza ya kazi ni kitu kingine kabisa: ruhusa ya muda, iliyofungwa kwenye kazi fulani kwa mwajiri fulani. Inayotajwa sana ni H-1B, ya kazi zinazohitaji shahada, ambayo hutolewa kwa miaka mitatu na kuongezwa mingine mitatu. Mtu anaweza kuwa nayo, akalipa kodi kila mwezi, na bado hajapiga hata hatua moja kuelekea grini kadi. Miaka ya kazi haigeuki ukaazi hivi hivi. Kwa kutolijua hilo, watu humwona kijana wa Texas mzembe.

Yule binamu wa bahati nasibu alipita mlango wa pembeni. Sheria ya uhamiaji ya mwaka wa 1990 ilitenga hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi zisizopeleka wahamiaji wengi Marekani, na Kenya imekuwa miongoni mwazo. Humo hamna mwajiri. Kuna jina, picha, cheti cha sekondari au uzoefu wa kazi, na kudura. Wengine huingia kwa ndoa au kwa jamaa. Na walio Saudia au Qatar wasijichanganye na haya: karatasi zao za ukaazi huisha pamoja na kazi, na miaka ishirini ya kuendesha gari Jeddah peke yake haizai ukaazi wa kudumu.

Kwa mlango wa mwajiri, sisi wa Malindi tuna kipimo cha karibu, maana tumeishi na Waitaliano miaka mingi. Mpishi mkuu Mtaliano kwenye hoteli ya ufukweni ana kibali cha kazi cha daraja la D. Mwajiri ndiye aliyemwombea, akieleza kwamba hakupata Mkenya wa kuifanya kazi hiyo. Mpaka hapo ni kama Marekani. Lakini sheria yetu ya uraia na uhamiaji ya mwaka wa 2011 inasema aliyeshika vibali vya kazi kwa angalau miaka saba, na akaishi nchini mfululizo kwa miaka mitatu ya mwisho, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu yeye mwenyewe. Akihamia hoteli nyingine atahitaji kibali kipya, ila miaka aliyokwisha kushika vibali ni yake. Kukubaliwa ni habari nyingine, na wako Waitaliano hapa wanaoijua njia ya Nyayo House, ofisi kuu ya uhamiaji Nairobi, kuliko njia ya Watamu. Lakini angalau saa inayohesabu iko mkononi mwao. Marekani, kwa sehemu kubwa ya safari, saa hiyo iko mkononi mwa bosi.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni Wizara ya Kazi ya Marekani. Tangu Machi 2005 utaratibu wake unaitwa PERM, na shabaha yake ni kumtaka mwajiri aonyeshe kwamba amemtafuta Mmarekani mwenye sifa na hakumpata. Si kwa maneno matupu. Kwanza wizara yenyewe inampangia mshahara unaolipwa kwa kazi hiyo katika eneo hilo, asije akamleta mgeni kwa bei ya kutupa. Kisha anaitangaza nafasi. Kwa kazi za kitaalamu ni matangazo mawili kwenye gazeti la Jumapili, tangazo la siku 30 kwenye ofisi ya ajira ya jimbo, na njia nyingine tatu atakazochagua, kama tovuti ya kampuni au redio.

Hebu fikiria hapo. Kijana yuko mezani pake anafanya kazi, na kazi ileile imetangazwa gazetini, masharti yake yameorodheshwa mstari kwa mstari: shahada ya uzamili ya kompyuta, miaka miwili ya uzoefu, programu hii na ile. Akijitokeza Mmarekani anayeyatimiza, kijana hafukuzwi siku hiyo. Viza yake ya muda inaendelea. Kinachokufa ni ombi. Mwajiri atajaribu tena baadaye, akipenda.

Na hilo la "akipenda" ndilo lenye mzigo. Hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kuanza PERM. Kampuni nyingi hutaka kukuangalia kwanza mwaka mmoja au miwili, nyingine haziifanyi kamwe. Gharama zake, pamoja na ada ya wakili wa mwajiri, kanuni za mwaka wa 2007 zinamtaka azilipe mwenyewe bila kuzikata kwenye mshahara wa mgeni. Sisemi waajiri wote huchelewesha makusudi. Lakini mfanyakazi asiyeweza kuhama hana sauti ya kudai nyongeza, na katika kuchelewa huko hakuna anayeumia isipokuwa yeye. Hata mwajiri mwenye nia njema akipeleka ombi, katika mwaka wa 2024 na 2025 wizara ilikuwa ikichukua zaidi ya mwaka mzima kulijibu, mbali na miezi ya kungoja mshahara upangwe.

Wizara ikikubali, unafuata mlango wa pili: mwajiri ana siku 180 za kupeleka ombi jingine, fomu inayoitwa I-140, kwa idara ya uhamiaji, USCIS. Huko maswali makubwa ni mawili. Je, mgeni huyu alikuwa na sifa hizo kabla PERM haijapelekwa? Na mwajiri ana uwezo wa kulipa mshahara ule tangu siku hiyo? Hapa ndipo kampuni ndogo hujikwaa. Zahanati iliyoahidi mshahara mkubwa kuliko inaoulipa sasa, halafu hesabu zake za kodi zikaonyesha hasara, inaweza kukataliwa, na mfanyakazi akaambiwa hana kosa lolote ila faili limefungwa.

Mlango wa tatu hauna ofisa wa kubishana naye, una foleni. Sheria ileile ya 1990 iliweka grini kadi 140,000 kwa mwaka kwa njia zote za kazi, na kiwango hicho cha msingi hakijabadilishwa tangu hapo. Chukua basi la Mombasa pale stendi ya Malindi. Viti vina hesabu, na mama akiwakatia tiketi watoto wake watatu, amechukua viti vinne. Ndivyo ilivyo kule: mke, mume na watoto wa mfanyakazi wanakula kwenye zile 140,000, kwa hiyo wafanyakazi wenyewe wanaopata ni wachache zaidi. Sasa tia sharti jingine, kwamba hakuna mji utakaojaza zaidi ya viti saba katika kila mia. Gede wamekuja watu watano, Kilifi wamekuja elfu mbili. Wa Gede anapanda leo, wa Kilifi analala stendi, na nauli waliyolipa ni moja.

Kikomo hicho cha asilimia 7 ni sawa na takriban kadi 9,800 kwa nchi kwa mwaka, na ndicho kinachowasulubu Wahindi na Wachina, ambao ni wengi katika kazi za teknolojia. Tarehe ya kushika foleni, kwa kawaida, ni siku PERM ilipopokelewa. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa ya viza, jedwali la nchi na madaraja, likionyesha ni waliojiandikisha kabla ya tarehe gani wanaohudumiwa. Katikati ya mwaka wa 2025, kwa Mhindi wa daraja la pili, la wenye shahada ya uzamili, jedwali lilisoma Januari 2013. Mtu aliyeingia foleni mtoto wake akiwa chekechea sasa ana kijana wa chuo. Na mtoto huyo akifikisha miaka 21 hutoka kwenye faili la mzazi. Sheria ya mwaka wa 2002 huwapunguzia watoto umri kwa muda ambao ombi lilikaa mezani, lakini haipunguzi miaka yote ya kukaa foleni, kwa hiyo wapo waliokulia Marekani tangu utotoni na wakalazimika kutafuta viza ya mwanafunzi ili wasiondoke.

Wengi hudhani nchi inayohesabiwa ni ya pasi unayobeba. Inayohesabiwa ni ulikozaliwa. Chukua mwenye duka la vitambaa mjini hapa ambaye babu yake alikuja kutoka Gujarat. Yeye kazaliwa Malindi, basi anaingia foleni ya Kenya pamoja na Wagiriama na Wabajuni. Mkewe kazaliwa Gujarat, akaolewa huku, akachukua uraia wa Kenya. Peke yake yuko foleni ya India na pasi yake ya Kenya haimsaidii kitu. Kinachomwokoa ni mume: sheria inawaruhusu mke na mume kutumia mahali pa kuzaliwa pa mmoja wao ili wasitenganishwe.

Miaka kumi na moja inapita vipi

Mtu atauliza, basi Mkenya si yuko foleni fupi? Kijana wetu amekwama wapi? Tumhesabie, kwa mfano tu. Aingie mwaka wa 2014 kama mwanafunzi, amalize uzamili 2016. Mwanafunzi wa sayansi huruhusiwa kufanya kazi mwaka mmoja baada ya masomo na kuongezewa miwili, kwa hiyo ana hadi 2019. Muda huo wote mwajiri anamwingiza kwenye kura ya H-1B, maana hata hiyo viza ya muda ni ya kura: nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za ziada kwa wenye uzamili wa vyuo vya Marekani, na waombaji ni wengi mno kupita hizo. Akose mara mbili, apate ya tatu. Mwajiri amwambie tungoje kidogo. Kidogo hicho kikutane na korona.

PERM yake ianze mwaka wa 2022. Mwisho wa mwaka huo kampuni za teknolojia zikaanza kupunguza watu kwa maelfu, na hapo PERM zikasimama hata kwa waliobakishwa. Sababu inaeleweka ukiitazama. Kampuni iliyoachisha watu wa kazi kama hiyo katika eneo hilo ndani ya miezi sita inatakiwa kwanza kuwajulisha na kuwafikiria hao. Utaiambiaje serikali kwamba umekosa Mmarekani, na wiki jana umewatoa mia mbili mlangoni? Kisha naye kijana aachishwe. Kanuni inampa hadi siku 60 kupata mwajiri mwingine wa kumwombea viza, la sivyo afunge virago. Ampate. Huyo mpya naye ataanza na kungoja kwake, kupangiwa mshahara kwake, na gazeti lake la Jumapili.

Kama I-140 ya kwanza ingekuwa imekubaliwa, tarehe yake ya foleni angeibeba kwenda kwa mwajiri mpya. Kwa kanuni zilizoanza Januari 2017, ombi hilo likitimiza siku 180 tangu likubaliwe, mwajiri wa zamani hata akijitoa hawezi kulibomoa. Na aliyefika hatua ya mwisho kabisa, ombi lake la kadi likakaa mezani siku 180, anaweza kuhamia kazi ya aina ileile bila kuanza upya. Kwa hiyo unapoulizia habari za mtu wako huko, "anafanya kazi wapi" haikuambii mengi. Uliza kama I-140 imekubaliwa.

Hayo yanatufikisha kwenye maziko. Mwenye H-1B anaruhusiwa kusafiri. Lakini viza iliyobandikwa kwenye pasi ikiwa imeisha, harudi mpaka apate nyingine ubalozini, kwetu ni Gigiri, Nairobi, na miadi haipatikani kwa kuwa umefiwa na mzazi na una haraka. Kwa wale ambao ombi la kadi liko mezani, anayeondoka bila kibali cha kusafiri kilichotolewa mapema huhesabiwa ameliacha ombi, isipokuwa wachache, kama anayeendelea kushikilia H-1B halali. Basi huyu aliyemzika mamake kupitia simu ya video huenda usiku huohuo alipima kazi, nyumba na shule ya watoto, akaona akivuka hapati njia ya kurudi. Baraza lina haki ya kumlaumu kwa mengine.

Wanaotaka kuanza safari hiyo sasa wakiwa hapa nyumbani wana kizingiti kipya. Septemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani. Ni waajiri wachache watakaomlipia hizo mtu ambaye hawajawahi kumwona.

Wauguzi na karatasi za ajenti

Muuguzi aliyesajiliwa hapiti njia ya kijana wa kompyuta, na hapa ndipo maajenti wanaposema ukweli nusu. Wizara ya Kazi ya Marekani ina orodha ya kazi ambazo imekiri kwamba watu hawatoshi, na wauguzi pamoja na wataalamu wa tiba ya viungo wamo. Kwao hakuna gazeti la Jumapili wala kumtafuta Mmarekani. Mwajiri anapangiwa mshahara, anabandika notisi kazini, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye I-140. Muuguzi mwenyewe anafanya mtihani wa NCLEX, ule wa leseni ya uuguzi ya Marekani, anapata cheti kinachoitwa VisaScreen, kinachohakiki masomo yake na leseni yake, na anafaulu mtihani wa Kiingereza. Anangoja akiwa hapa, na siku akiingia Marekani anaingia kama mkaazi wa kudumu. Mpaka hapo ajenti yuko sawa.

Asichosema ni foleni. Wauguzi wengi huingia daraja la tatu, pamoja na wenye shahada ya kwanza na mafundi wa ujuzi wa miaka miwili na zaidi kutoka kote duniani, na daraja hilo limejaa. Tena tarehe hurudi nyuma. Juni 2024 walihudumiwa waliojiandikisha kabla ya Novemba 22, 2022. Julai jedwali likarudishwa hadi Desemba 2021. Muuguzi aliyekwisha kuaga kazini, amebakisha mahojiano Gigiri, akaambiwa subiri. Hakuna aliyekosea. Viti vya mwaka vilikuwa vinakwisha, na mwaka wao wa serikali huanza Oktoba. Oktoba ilipofika, tarehe ilirudi Novemba 2022. Katikati ya 2025 ilikuwa Aprili 2023, yaani kungoja miaka miwili na ushei tangu ombi lipokewe. Anayekuambia miezi sita ama hajawahi kulifungua jedwali, ama amelifungua.

Msikubali pia habari ya wakili anayeruka foleni. Kuna ada ya haraka, halali kabisa, inayoifanya USCIS ijibu I-140 ndani ya siku chache za kazi. Inaharakisha jibu la ofisi hiyo tu. Tarehe ya foleni haisogei hata siku moja. Na wanaosema ukizaa mtoto huko umepona, mtoto ni raia, naam, lakini hawezi kumwombea mzazi kabla hajafikisha miaka 21.

Kinachostahili kusomwa kwa taa nzuri ni mkataba. Mingi inamtaka muuguzi afanye kazi muda uliowekwa, miaka miwili au mitatu, na akitoka mapema alipe fidia. Mwaka wa 2019 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba faini ya dola 25,000 waliyowekewa wauguzi Wafilipino wakiacha kazi kabla ya muda ilikuwa kinyume cha sheria ya kupinga usafirishaji wa binadamu. Uamuzi huo haukuvifuta vifungu vya aina hiyo kwenye mikataba ya wengine. Kwa hiyo tafuta kiasi cha fidia, kimeandikwa kwa tarakimu au kimefichwa kwenye "gharama zote". Kisha tafuta jina la atakayetia saini I-140, kama ni hospitali yenyewe au ni kampuni ya kupeleka wauguzi, kwa sababu huyo ndiye mwajiri wako kisheria. Ikiwa ni kampuni, angalia kama mkataba umetaja hospitali na mji kwa jina, ama unasema tu utapangiwa ukifika.